JUMANNE: Ukuta wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba alitakiwa kufanya nini kabla mtu hajaanguka?

Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake. Mungu hakungoja ajali. Aliagiza kinga kwanza.

Nyamiaga iko Ngara, wilaya yenye mradi wa nikeli wa Kabanga. Migodini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi, naye mfanyakazi atoe taarifa ya hatari. Atiaye sahihi ukaguzi ambao hakuufanya ameacha dari bila ukuta. Sahihi hiyo ni uongo, na jirani yake aweza kuulipia kwa uhai.

Ni hatari gani kazini kwako umeinyamazia? Utamwambia nani, na lini?