Picha Isiyo na Jina: Mchoraji Wake Hujulikanaje?

Mwalimu akipata karatasi ya mtihani isiyo na jina, hutazama mwandiko, kisha huangalia orodha ya darasa aone ni nani aliyepungua. Wataalamu wa picha nao hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Mwaka 1908 tajiri mmoja wa Norway, Christian Mustad, alinunua picha ya mandhari iliyodhaniwa kuwa ya Mholanzi Vincent van Gogh, mmoja wa waanzilishi wa uchoraji wa kisasa. Haikuwa na sahihi. Baadaye Mustad aliambiwa kuwa si ya kweli, akaipandisha darini. Mwaka 1991 ilipelekwa kwenye Jumba la Makumbusho la Van Gogh, Amsterdam, ikakataliwa. Uchunguzi ulianza upya mwaka 2011, na mwaka 2013 jumba lile lile likatangaza kuwa ni ya Van Gogh. Ushahidi ulikuwa huu:

Kwanza, barua. Tarehe 5 Julai 1888 Van Gogh, aliyekuwa akikaa Arles, Ufaransa, alimwandikia mdogo wake Theo. Alieleza kuwa jana yake, jua likichwa, alikuwa kwenye nyika ya mawe yenye mialoni midogo iliyopindapinda, gofu likiwa kilimani na mashamba ya ngano bondeni. Mambo hayo yote yamo katika picha.

Pili, namba. Nyuma ya picha imeandikwa 180. Katika orodha ya picha za Theo ya mwaka 1890, namba 180 ni picha ya jua likichwa huko Arles.

Tatu, vifaa. Rangi zake ni zile alizozitumia Arles, na turubai ni ya aina ile ile ya picha yake nyingine ya siku hizo.

Ushahidi mmoja peke yake usingetosha. Nguvu yake ni kupatana.

Somo hili latuhusu sisi pia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo wake, na jina lake likawa jina la mtindo wote. Kisha zikatokea picha za kughushi zenye sahihi yake. Kwa hiyo jina likikosekana, picha yaweza kuwa ya kweli. Na jina likiwapo, picha yaweza kuwa ya uongo.

Basi, wachoraji wa Nduguti, andikeni nyuma ya kila picha jina, mahali na tarehe, na shule iweke daftari lenye namba za picha hizo. Namba 180 ilikuwa kitu kidogo, lakini ilingoja zaidi ya miaka mia moja ikatoa ushahidi.

Maswali
1. Kwa nini sahihi peke yake haitoshi?
2. Taja aina tatu za ushahidi zilizotumika.
3. Ungechunguza nini katika picha isemwayo kuwa ya Tingatinga?