SOMO LA AFYA: MATUNZO YA WENYE MARADHI YA KUDUMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanaombwa kuisoma makala hii kwa makini, kwani jambo linaloelezwa humu limeingia katika nyumba nyingi.

Maradhi ya kudumu, kama vile kisukari, shinikizo la damu na pumu, hayafanani na malaria. Aghlabu mwenye malaria hupewa dawa za siku tatu, akapona, mambo yakaisha. Mwenye shinikizo la damu hana dozi ya kumaliza. Matibabu yake ni kurudi, na kurudi tena. Hapo ndipo matunzo yanapopwaya, kwa upande wa vituo na kwa upande wa wagonjwa wenyewe.

Shinikizo huhesabiwa kuwa limepanda likifikia 140 kwa 90 au zaidi, baada ya kupimwa kwa siku mbalimbali. Mara nyingi halina dalili yoyote. Mgonjwa humeza vidonge mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Si ukaidi. Pengine hakuna aliyemweleza kuwa ule uzima ulikuwa ni kazi ya vidonge. Kisha siku moja mtu aliyekuwa akienda shamba kwa miguu yake hupatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, na watoto wakaacha shughuli zao ili wamuuguze.

Inafaa tujifunze kutokana na kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huko mgonjwa hufunguliwa faili, hupewa kadi yenye tarehe ya kurudi, na asipofika hufuatiliwa. Hakuna sababu ya mwenye kisukari kungojewa mpaka aletwe amebebwa. Daftari la wagonjwa wa kudumu, hata likiwa la kuandikwa kwa mkono, linatosha kumwonesha muuguzi kila mwisho wa wiki ni nani hakuja.

Na namna ya kuuliza ina uzito wake. Mganga akiuliza, "Dawa unameza?" atajibiwa, "Ndiyo, daktari," kwa heshima tu. Akisema, "Wengi husahau, wiki hii zimekupita siku ngapi?" huenda akapata ukweli.

Matunzo hayana budi pia kwenda na maisha ya visiwani. Mvuvi huenda dago kwa wiki kadhaa; wachumaji wa karafuu huhamia kambini msimu ukifika. Watu hawa waseme mapema, nao watoa dawa wawape za kutosha muda wote wa safari. Anayetumia insulini ana shida zaidi. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, wala haifai kugandishwa, ikiganda itupwe. Pasipo na friji, vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya chenziwe, na mchanga uliorowa katikati, vikiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto. Havifikii ubaridi wa friji, kwa hiyo mgonjwa aulize dawa yake itadumu siku ngapi humo.

Kuhusu Ramadhani, mwenye kisukari anayenuia kufunga amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, yaani katika mwezi wa Rajabu, siyo usiku wa kuandama mwezi. Wengine watabadilishiwa saa na vipimo vya dawa. Wengine wataambiwa wasifunge. Aliyefunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa kipimo cha milimoli, afungue mara moja, hata kama magharibi imekaribia.

Wakuu wa idara na walimu wakuu wa skuli nao wanahusika. Mtumishi anayeomba ruhusa ya asubuhi moja kwenda kliniki asionekane mtoro. Asubuhi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na miezi ya kitandani.

Kila mgonjwa anapokwenda kliniki achukue kadi yake pamoja na dawa zote alizonazo nyumbani, zikiwemo za miti shamba, na azitoe mbele ya daktari bila ya kuona haya. Mwenye kisukari avue na viatu, miguu yake itazamwe mpaka baina ya vidole, kwa kuwa kidonda cha huko huweza kuanza bila ya maumivu.