SIRI YA MGONJWA NI SEHEMU YA DAWA

Katika vijiji vyetu vya Kibaha na Kisarawe, mfanyakazi wa afya si mgeni. Muuguzi wa zahanati ni jirani yetu. Tunateka naye maji. Tunanunua naye samaki gengeni. Tunakaa naye msibani. Huenda ni wifi yako au shemeji yako.

Huu ni uzuri wa kijiji. Lakini uzuri huu una hatari yake. Mchana muuguzi anasikia habari za miili yetu. Jioni anakaa nasi na kuzungumza. Je, ya mchana ayaseme jioni? Hilo ndilo somo letu la leo.

MFANO WA MAMA MUUZA VITUMBUA

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza vitumbua kijijini. Amekohoa wiki tatu. Usiku anatoka jasho, na nguo zake zinampwaya. Anakwenda zahanati. Makohozi yake yanapimwa. Anaambiwa ana kifua kikuu.

Muuguzi anamweleza vizuri. Ugonjwa huu unapona. Dawa hutolewa bila malipo. Atakunywa dawa kwa miezi 6, bila kuacha hata siku moja. Mama anafurahi. Anaanza dawa.

Jioni muuguzi anapita gengeni kununua nyanya. Mwenye genge anamwuliza:

"Dada nesi, yule mama wa vitumbua mbona amekonda hivi? Kulikoni?"

Muuguzi anainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo:

"Msimsogelee sana. Ana kifua kikuu. Lakini msiseme kwamba nimesema mimi."

Muuguzi huyu hana nia mbaya. Anadhani anawakinga majirani. Lakini kabla ya sala ya Isha, habari imekwisha kufika kwa wanywa kahawa. Kesho yake vitumbua havinunuliwi. Watoto wa yule mama wanafukuzwa mchezoni. Wifi yake anamtengea kikombe na sahani yake peke yake.

Mama anajua habari imetoka wapi. Anaona haya kupita njia ya zahanati. Wiki ya tatu anaacha kwenda kuchukua dawa.

NANI AMEUMIA?

Kwanza ameumia mama mwenyewe. Mgonjwa wa kifua kikuu hupata nafuu mapema, lakini vijidudu bado vimo mwilini. Akiacha dawa kabla ya wakati, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Vijidudu vinaweza kuwa sugu, na dawa za kawaida zikashindwa kuviua.

Pili wameumia watoto wake. Wanalala naye chumba kimoja. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Hakienei kwa kikombe wala kwa sahani. Kitumbua chake hakimwambukizi mtu. Mgonjwa anayekunywa dawa zake sawasawa, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Lakini aliyeacha dawa anaweza kuambukiza.

Tatu wameumia majirani wale wale waliodhani wamekingwa. Ugonjwa sasa umebaki kijijini bila dawa.

Nne yuko mzee mmoja mtaa wa pili. Naye anakohoa. Alikuwa anajiandaa kwenda kupimwa. Ameyasikia yaliyompata mama wa vitumbua, naye ameamua kukaa nyumbani. Mwingine anatafuta nauli aende Dar es Salaam, ambako hajulikani. Asiye na nauli atabaki na ugonjwa wake.

Ndugu msomaji, umeona? Zahanati iko wazi. Dawa zipo. Lakini ulimi mmoja umefunga mlango. Ndiyo maana tunasema siri ni sehemu ya dawa.

SIRI HII NI MALI YA NANI?

Siri si mali ya daktari. Si mali ya muuguzi. Ni mali ya mgonjwa. Yeye akitaka kumwambia mumewe, dada yake au imamu wake, ni hiari yake. Mfanyakazi wa afya amewekewa amana tu. Amana haitumiwi bila ruhusa ya mwenyewe.

Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia ndani ya mtungi na kuona yaliyomo. Lakini kata haitembei ikihadithia. Mfanyakazi wa afya na awe kama kata.

Jambo hili si geni. Katika nchi ya Ugiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kiapo cha waganga kinachoitwa kwa jina la Hippocrates kilimtaka mganga anyamaze juu ya yale anayoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa.

Hapa kwetu ugonjwa wa UKIMWI ulitufundisha kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wengi waliogopa kupimwa kwa sababu waliogopa kutangazwa. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI. Sheria hiyo inasema majibu ya kipimo ni siri, naye apewe yule aliyepimwa. Sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi nayo inalinda habari za afya ya mtu.

SIRI HUVUJA KWA NJIA NYINGI

Siri haivuji kwa kutaja jina tu. Tuangalie njia nyingine.

1. Kusema bila jina. "Leo nimempima mama mmoja muuza vitumbua." Kijijini sote tunamjua ni nani.

2. Kusema habari njema. Muuguzi anampa mama mkwe hongera ya mimba, na mke mwenyewe hajamwambia mtu.

3. Kuita kwa sauti. "Wa dawa za kifua kikuu, pita hapa!" Benchi zima limesikia.

4. Kuacha daftari wazi mezani.

5. Kupiga picha ya mgonjwa au cheti chake na kuituma kwa simu. Picha ikishatumwa, hairudi.

6. Kusema baada ya kifo. Watu msibani huuliza marehemu alikufa na nini. Siri yake haikufa pamoja naye.

Wajibu huu si wa daktari na muuguzi peke yao. Ni wa karani, mfanya usafi, mlinzi na mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba.

JE, SIRI HAISEMWI KABISA?

Husemwa, lakini kwa mtu anayehusika na kwa sababu ya kazi. Muuguzi anaweza kumweleza daktari anayemtibu mgonjwa huyo. Mgonjwa akihamishiwa hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Tumbi pale Kibaha, barua inayoeleza ugonjwa wake huenda pamoja naye. Kipindupindu kikizuka, zahanati hutoa taarifa wilayani ili watu wakingwe. Mahakama ikitaka habari kwa mujibu wa sheria, hupewa.

Majibu ya mtoto mdogo hupewa mzazi wake au mlezi wake. Mtu aliyeonekana ana virusi vya UKIMWI, sheria inamtaka amwarifu mwenzi wake, ili naye apimwe.

Na katika kifua kikuu, watu wanaoishi na mgonjwa wanatakiwa wachunguzwe, hasa watoto wadogo. Muuguzi mwema huanza na mgonjwa. Humwambia: "Mama, tunataka kuwapima watoto wako. Tufanyeje ili usiaibike?" Mama akishirikishwa, atawaleta yeye mwenyewe.

Kwa hiyo wanaostahili kukingwa hukingwa, bila kupitia gengeni.

MUUGUZI AJIBU NINI?

Turudi pale gengeni. Mwenye genge ameuliza. Muuguzi angejibu hivi:

"Ndugu yangu, mambo ya kazini nimeyaacha kazini. Kama unamwonea huruma jirani yako, nenda kamjulie hali."

Asiseme "anaumwa". Asiseme "haumwi". Akizoea kusema "haumwi" kwa wengine, siku atakaponyamaza watu watajua. Jibu liwe moja kwa kila mgonjwa.

Nasi wanakijiji tuna wajibu. Tusimtege muuguzi kwa maswali. Tukimwona jirani zahanati, tusiende kutangaza. Na tukumbuke jambo hili: muuguzi anayekuletea siri za wenzako, zako anazipeleka kwa wengine.

SIRI YAKO IKIVUJISHWA

Kwanza, usiache dawa. Kuacha dawa ni kujiadhibu wewe kwa kosa la mwingine. Kama huwezi kurudi pale, omba uhamishiwe kituo kingine.

Pili, peleka malalamiko. Anza na mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya afya ya kituo. Sasa unajua kuandika. Andika siku, mahali na maneno yaliyosemwa. Ukiona hujasikilizwa, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Yapo pia mabaraza yanayosimamia kazi hizi: Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania.

Tatu, usilipize kwa matusi. Lengo ni kituo kiaminike, na watu wasiogope kukitumia.

Wafanyakazi wengi wa afya wanatunza siri zetu kila siku, nasi hatujui. Hatujui kwa sababu hawasemi. Hao tuwaheshimu. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno la mgonjwa likitoka zahanati halirudishwi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mama muuza vitumbua aliacha dawa?

2. Kifua kikuu huenea kwa njia gani? Hakienei kwa njia gani?

3. Taja njia tatu za kuvujisha siri bila kutaja jina.

4. Ni nani anaweza kuelezwa habari za mgonjwa, na kwa sababu gani?

5. Jirani akikuuliza habari za mgonjwa uliyemwona zahanati, utamjibu nini? Wawili wasimame mbele na kuigiza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Amana: kitu cha mtu ulichopewa ukitunze.

Sugu: isiyosikia dawa.

Mganga mfawidhi: mkuu wa kituo cha afya au zahanati.