Somo la familia: Kuhesabu gharama ya mwaka wa kwanza

Somo letu ni Luka 14:28–30, mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Kwa vijana wetu wanaoanza uhandisi, gharama ya kwanza ni muda. Masomo manne kwa muhula ni kama saa 40 kwa wiki, darasani na kujisomea. Wazazi, ongezeni hapo zamu ya ghalani Jumamosi, kulea wadogo, na kwenda Centrelink kumtafsiria mama.

Mara nyingi hesabu ndiyo huanza kuonyesha ufa. Kijana hasemi, maana nyumbani tumeshamwita injinia! Kumbe tarehe ya sensa inakaribia, siku ambayo chuo hufunga orodha ya masomo yake. Kwa muhula wa kwanza mara nyingi ni mwishoni mwa Machi. Akiacha somo kabla ya siku hiyo, hadaiwi ada yake. Ikipita, deni linabaki, afaulu asifaulu. Kubaki na masomo matatu kati ya manne si aibu, na Centrelink bado humhesabu mwanafunzi wa muda wote.

Mjadala wa nyumbani: Tarehe ya sensa ya mtoto wetu ni lini? Tumwondolee kazi gani kuanzia wiki hii?