Pleko si Ufagio

Mpenzi msomaji, ukiingia mahali penye tangi la kioo la samaki, huenda ukaona samaki mweusi amejibandika kiooni kwa mdomo. Huyo ni pleko, jamaa wa kambare, na asili yake ni mito ya Amerika Kusini. Mdomo wake uko chini ya kichwa. Kazi yake ni kukwaruza mwani, yaani ule utelezi wa kijani unaoota kiooni na juu ya mawe.

Basi watu husema, "Huyu hana haja ya chakula, ataokota uchafu." La hasha! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pleko hupewa jembe siku ya kwanza, na chakula akanyimwa. Mwani wa tangi dogo huisha upesi, na kinyesi cha wenzake hali. Mtazame tumbo akiwa kiooni: likiwa limebonyea ndani, ana njaa. Je, atunzwe vipi?

1. Chakula. Yeye hula usiku. Taa zikizimwa, mpe kipande cha tango au jani la sukuma wiki lililochovywa katika maji moto. Asubuhi toa masalio, yasije yakaoza. Mwekee pia kipande cha gogo kavu kilicholowekwa siku kadhaa. Atakikwaruza na mchana atajificha chini yake.

2. Joto. Nyeri iko juu, yapata mita 1,750, na baridi ya Julai twaijua sote. Samaki trauti, aliyeletwa mto Gura mwaka 1905 kutoka Uskoti, huifurahia baridi hiyo. Pleko haiwezi. Anataka nyuzi 23 hadi 27, kwa hiyo hita na kipimajoto ni lazima.

3. Maji. Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya mfereji yana klorini. Yaache ndooni bila kifuniko siku nzima kwanza. Sabuni ni marufuku kabisa.

4. Nafasi. Dukani huwa mdogo kama kidole, lakini pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Mwenye tangi dogo amtafute yule mwenye vinyama kama ndevu puani, ambaye hukomea karibu sentimita 12.

Na akikushinda, tafadhali usimmwage mto Chania. Maji yake huishia Tana, kwenye joto. Kule Florida na Meksiko, pleko waliotupwa mitoni wamezaana ajabu, na huchimba mashimo kingoni mpaka udongo ukaporomoka. Afadhali umpe mwenye tangi kubwa.

Kwa ufupi, ndugu zangu, anayekufanyia kazi naye ana tumbo. Mlishe kwanza, ndipo umhesabie kazi. Kwaherini!