Taa za Kutua za Ndege Ndogo: Kutoka Waya wa Tangsteni hadi Diodi

Utangulizi

Mchukwi ni kata iliyomo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kaskazini ya mto Rufiji. Anga ya upande huu wa nchi hutumiwa na ndege ndogo ziendazo kisiwani Mafia, Kilwa, na viwanja vya vumbi vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Mto unapofurika, kama ulivyofurika mwezi Aprili 2024, barabara na mitumbwi haitoshi, na ndege ndogo huwa tegemeo la wagonjwa, dawa na chakula.

Katika latitudo hii, karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta, jua hutua kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Baada ya hapo mwangaza wa machweo unaofaa kwa kazi hudumu dakika 22 hivi tu. Rubani aliyechelewa kidogo hukuta giza limekwisha ingia. Kwa hiyo taa ya kutua, ambayo katika ndege nyingi ni taa moja au mbili tu zilizowekwa puani au kwenye bawa, ni kifaa kidogo chenye dhamana kubwa. Makala hii inaeleza kwa nini wenye ndege wanazibadili taa hizo, na ni mambo gani yapasayo kuangaliwa kabla ya kuzibadili.

Kazi mbili za taa ya kutua

Kazi ya kwanza yajulikana na kila mtu: kumwonyesha rubani ardhi. Ukali wa mwanga katika upande mmoja hupimwa kwa kandela, na mwanga unaofika juu ya kitu hupimwa kwa laksi. Ili kupata laksi, kandela hugawanywa kwa umbali wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Taa ya kawaida ya zamani ilitoa kandela 110,000 katikati ya mwale wake. Kwa umbali wa mita 100 hutoa laksi 11. Kwa mita 300 hubaki laksi 1.2 tu. Mwanga huo bado unaupita mara kadhaa ule wa mwezi mpevu, ambao haufiki hata nusu laksi. Lakini ndege itembeayo kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde humaliza mita 300 kwa sekunde 10. Huo ndio muda alio nao rubani wa kumwona ng'ombe au nguruwe pori kiwanjani na kupaa tena.

Kazi ya pili husahauliwa mara nyingi: kumwezesha rubani aonwe na wengine, hata mchana. Tuchukue ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilometa 300 kwa saa. Zinakaribiana kwa mita 167 kila sekunde, na kilometa 5 kati yao humalizika kwa sekunde 30. Tena, ndege iliyo katika njia ya kugongana na nyingine haionekani kusogea kiooni. Hukaa mahali pamoja kama doa, kisha hukua ghafla. Jicho la binadamu ni jepesi kutambua kinachosogea, na ni zito kutambua kilichotulia. Taa inayoelekea mbele, hasa inayomweka kwa zamu kushoto na kulia, hulivuta jicho wakati ule ule ambapo umbo la ndege bado halionekani.

Kasoro ya taa ya waya

Ndege nyingi za Cessna na Piper zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970 zilifungwa taa ya wati 100 yenye waya wa tangsteni. Waya huo hupashwa moto hadi kung'aa, na sehemu kubwa ya umeme hupotea kama joto. Takribani sehemu moja katika kumi, au pungufu, ndiyo huwa mwanga uonekanao.

Kasoro kubwa zaidi ni umri. Taa hiyo ilipangiwa kudumu saa 25 tu. Mtikisiko wa injini huuchosha waya, na kila inapowashwa ikiwa baridi hupokea mkondo mkubwa wa ghafla. Volti nazo zina hesabu yake: umri wa waya hupungua kwa kadiri ya volti zilizozidishwa zenyewe mara 12 au 13. Taa iliyoundwa kwa volti 13, ikipata volti 14 kamili, hubakiwa na sehemu mbili tu katika tano za umri wake, yaani saa 10 hivi.

Matokeo yake yalikuwa uchoyo wa mwanga. Rubani aliiwasha taa dakika za mwisho tu, akiihifadhi kwa ajili ya kutua. Hivyo kazi ya pili, ya kuonwa, haikufanyika.

Diodi itoayo mwanga

Taa ya LED haina waya wa kuungua. Ndani yake mna kipande kidogo cha nusu kipitishi. Umeme unapopita, elektroni hushuka kutoka ngazi ya juu ya nishati na kuitoa nishati hiyo kama mwanga. Diodi nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini mwanga mweupe ulingoja diodi ya buluu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua. Sehemu ya mwanga wa buluu hugeuzwa kuwa njano na unga maalumu uliopakwa juu yake, na mchanganyiko huo huonekana mweupe.

Wavuvi wa dagaa wa pwani wameyaona mabadiliko haya kwa macho yao: karabai za mafuta zimeziachia nafasi taa za LED zitumiazo betri. Katika ndege faida ni ile ile. Taa ya LED ya wati 45 kwenye volti 14 hula ampea 3.2, na ile ya waya ya wati 100 hula karibu ampea 8. Umri wake huhesabiwa kwa maelfu ya saa. Basi rubani aweza kuiwasha anapoanza safari na kuizima anapoegesha.

Mambo ya kuangaliwa

Kwanza, kibali. Taa ya gari au trekta, hata iwe kali namna gani, haifai kufungwa katika ndege yenye cheti. Taa iwe imeidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege, ifungwe na fundi mwenye leseni, na kazi iandikwe katika kitabu cha ndege. Msimamizi wa mambo hayo nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Pili, redio. Saketi inayorekebisha umeme wa LED huwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na yaweza kutoa makelele katika masafa ya mawasiliano ya ndege, megahezi 118 hadi 137. Baada ya kuifunga, taa iwashwe na redio isikilizwe masafa kwa masafa. Dira nayo ikaguliwe kama sindano inahama.

Tatu, nyaya. Taa ya waya haijali chanya wala hasi; diodi hujali. Nyaya kuukuu zenye kutu zikaguliwe, na swichi inayokata umeme yenyewe isibadilishwe ovyo, kwa kuwa kazi yake ni kuukinga waya.

Nne, joto. Diodi hupata moto kwa nyuma, na joto likizidi umri wake hupungua. Mapezi yake ya alumini yapate hewa.

Tano, mwale. Mwale mwembamba hufika mbali, mpana hufaa kutembea kiwanjani. Mwanga mkali katika ukungu wa alfajiri wa delta humrudia rubani machoni. Hapo huenda ikafaa kuuzima.

Mwisho, taa ya ndege haichukui nafasi ya taa za kiwanja. Kiwanja kisicho na taa hufungwa jua linapotua, hata kama ndege ina taa bora kuliko zote.

Maswali ya kujipima

1. Taa ya kandela 110,000 hutoa laksi ngapi kwa umbali wa mita 200?
2. Ndege ina jenereta ya ampea 35 na taa mbili za waya za wati 100, volti 13. Taa hizo hula sehemu gani ya umeme wote?
3. Kwa nini ndege iliyo katika njia ya kugongana na nyingine ni ngumu kuonekana kuliko ile inayokatiza mbele?