DONDOO MUHIMU: Kulenga mbali kwa bunduki ya upepo

Usihukumu ugumu kwa mita peke yake. Kidonge cha milimita 4.5 kutoka bunduki ya upepo ya joule 16, takriban kiwango cha juu kisichohitaji leseni maalumu England na Wales, hutoka kwa takriban mita 240 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya baruti ya .308 hukaribia mita 800 kwa sekunde. Upepo wa ubavuni wa mita 3 kwa sekunde waweza kusukuma kidonge zaidi ya sentimita 20 kufikia mita 100; risasi ya .308 husogea kiasi hicho kwenye mita 400 hivi.

• Pima umbali kwa makini. Kwenye mita 50, kukosea mita 5 kunahamisha pigo la kidonge sentimita 4 hivi. Kwa .308 kwenye mita 100, kosa hilo halionekani.

• Soma upepo njia nzima, si pale ulipo tu. Tazama majani ya katikati, funga uzi mwepesi karibu na shabaha, na usifyatue mpaka upepo urudi kwenye hali uliyoizoea.

• Tulia baada ya kufyatua. Kidonge huchelewa ndani ya mtutu, na bunduki ya springi hurudi nyuma kisha mbele. Ishike kwa wepesi, usiibane.

• Mwendo mkubwa si dawa: kidonge kikikaribia kasi ya sauti huyumba.

Kwa maoni yangu, mita 100 kwa bunduki ya upepo ni shule bora ya upepo. Hakikisha tu una kibali, na nyuma ya shabaha pana tuta la udongo.